Ratiba Inatufaa Sana

Mhadhiri wetu alianza kila somo kwa kuutaja mji wetu. Alikaa katika chumba cheupe upande wa pili wa Atlantiki, kwenye mji wa baridi ambako Kifaransa husemwa puani, na sisi tulikuwa walimu kumi na saba mbele ya televisheni moja. "Bonjour, Bujumbura!" alisema. Nasi watu wazima, wengine na mvi, tukaitikia kwa sauti moja ingawa tulijua kwamba yeye hatusikii. Mimi niliitikia kwa nguvu kuliko wote, na sioni haya kusema hivyo.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya vita. Redio za nje zilipoutaja mji wetu, zilitaja na maiti. Kwa hiyo kumwona mtu mwenye tai analitaja jina hilo asubuhi yake, kikombe cha kahawa mkononi, kana kwamba Bujumbura ni mahali wanapokaa wanafunzi kama pengine popote, kulinigusa mno. Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa wa sekondari, nakaa mtaa wa Ngagara, mtu wa miwani na hasira za karibu, na nilikuwa nimeshajiambia kwamba kusoma kwangu kumekwisha. Kisha chuo kile cha ng'ambo kikafungua darasa la mbali kwa walimu waliotaka cheti cha uongozi wa shule. Wakaweka dishi juu ya paa, kompyuta kumi mezani, na msimamizi wa chumba, mzee mpole aliyeshika rimoti siku nzima hata televisheni ikiwa imezimwa.

Kama masomo yalikuwa mazuri? Nimeulizwa hivyo mara nyingi. Picha ilikwama kila mara, mhadhiri akabaki mdomo wazi na mkono hewani, huku sauti yake ikiendelea kutoka sijui wapi. Swali uliloandika kwenye kompyuta lilimfikia akiwa ameshaaga. Mifano yake ilikuwa ya kwao. Kuna somo zima alilotufundisha namna ya kufunga shule siku ya theluji: nani ampigie nani simu, wazazi waarifiwe vipi, mabasi yarudi saa ngapi. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa ufundi wa magari, Mwislamu wa mtaa wa Buyenzi ambaye hata babu yake alizaliwa hapo hapo, akasema kwa sauti, "Na risasi je? Siku ya risasi nani anamupigia nani?" Tulicheka mpaka msimamizi akatunyamazisha. Lakini niliandika kila neno la theluji ile, na shuleni kwangu niliitumia orodha yake vile vile, nikabadili neno moja tu.

Kompyuta zilikuwa kumi nasi kumi na saba, hivyo wengi tulikaa wawili wawili. Mimi nilikaa na mwalimu wa shule ya msingi wa Ruziba, kule kusini kando ya ziwa, mwanamke wa makamo aliyesema kidogo na kuandika haraka. Mume wake hakuwepo tena, na sikuuliza alikwenda vipi. Miaka ile hatukuulizana. Alikuwa na watoto watatu, na mama yake mzazi aliyekuwa haoni vizuri wala hawezi kutembea. Milio ilipoanza upande wa milimani, watoto walikimbilia ufukweni, na yeye akambeba mama mgongoni akawafuata. Aliniambia hayo siku moja tukingoja picha irudi, kwa sauti ile ile aliyotumia kunieleza hesabu za darasa la tano.

"Nikipata cheti," alisema, "wataniweka mukubwa wa shule ya hapa mujini. Zile shule ziko na nyumba ya mukubwa ndani, nyuma ya ukuta. Mama atalala mahali pamoja."

Hayo tu ndiyo aliyoyataka. Mimi nilitaka cheti kwa ajili ya heshima, na wenzangu wengi vile vile, tusidanganyane. Yeye alikuwa anatafuta nyumba ambayo mama yake asingehitaji kubebwa kuikimbia, na mlango wa kuifikia ulikuwa mmoja, na ulipitia katika chumba kile chenye televisheni.

Barabara ya kusini ilikuwa na saa zake. Asubuhi wanajeshi waliipita kwanza, ndipo magari yakaruhusiwa. Saa kumi alasiri ilifungwa, na aliyebaki mjini alibaki mjini. Masomo yetu yalikuwa saa nane hadi saa kumi, basi yeye aliondoka nusu saa kabla ya wenzake, na mimi nikamwandikia alichokosa. Daftari langu lilikuwa na karatasi ya kaboni katikati kwa ajili yake, na nilijiona mtu mwema kweli.

Mwezi wa kumi na moja ulipoingia, siku moja tulikaa saa nzima mbele ya televisheni nyeusi. Tulililaumu dishi. Msimamizi, na umri wake ule, alipanda juu ya paa mara mbili. Saa tisa kamili mhadhiri akatokea, ametulia, amenyoa vizuri: "Bonjour, Bujumbura!" Kumbe kwao baridi ikianza watu wote hukubaliana kurudisha saa nyuma, na hakuna aliyefikiri kutuambia. Jua letu linachomoza saa kumi na mbili mwaka mzima, tungejuaje? Kuanzia siku hiyo somo likawa saa tisa hadi saa kumi na moja.

Sasa mwenzangu wa Ruziba alikaa nusu saa, pengine dakika tano zaidi, kisha akafunga daftari na kuondoka akipita nyuma ya viti huku ameinama kidogo. Mahudhurio yalihesabiwa mwishoni, kila mtu akiandika namba yake kwenye kompyuta. Namba yake niliiandika mimi. Sote tulijua, na msimamizi alijua pia; wakati huo alikuwa akienda dirishani kutazama magari. Nilifikiri kwamba tumeshinda.

Tatizo lilikuwa karatasi ya maoni. Kila sehemu ya masomo ilipokwisha, chuo kilitaka kujua tunaonaje ubora wake. Maswali kumi, na kila swali na alama kutoka moja mpaka tano: mhadhiri anaeleweka? Vifaa vinafanya kazi? Ratiba inakufaa? Kwa kuwa mtandao ulikwenda pole pole, msimamizi alichapa karatasi, tukajaza kwa kalamu bila kuandika jina, kisha mimi niliyechaguliwa kiongozi wa darasa nikakusanya na kuyaingiza majibu kwenye kompyuta. Walinichagua kwa sababu ya Kifaransa changu na kwa sababu nilikuwa na saa ya mkononi iliyokuwa inatembea.

Ilipofika karatasi ya pili, kabla ya Noeli, msimamizi alinivuta kwenye ujia. Alisikia kwamba chumba kama chetu, nchi nyingine, kimefungwa. Watu wa kule walilalamika sana, na wenye mali wakaona basi, mradi haufai, wakang'oa dishi. Sijui kama ilikuwa kweli. Sikuuliza hata ni nchi gani, nilishikwa na hofu palepale. Niliwaza asubuhi ya mtu yule mwenye tai ikipita bila Bujumbura.

Nikasimama mbele ya wenzangu na karatasi mkononi. "Jamani," nikasema, "ukikaribishwa kwa mutu akakupa mrija unywe pombe yake ya ndizi, ukakuta ni kali inachoma, unafanya nini?"

"Unakunywa," mmoja akajibu.

"Na unashukuru," mwingine akaongeza, wakacheka.

"Basi. Tano kila mahali."

Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na sikuwa nafundisha jambo geni. Mgeni hamwambii mwenye nyumba kwamba mchuzi umepungua chumvi, hata akiulizwa mara tatu, hata akiulizwa kwa maandishi. Mwalimu wa ufundi peke yake ndiye aliyenuna.

"Hawa wanauliza wapate kujua," alisema, "hawaulizi wapate shukrani. Muwaambie saa zao zimetuharibia."

"We unataka wafunge chumba?"

"Mi nataka huyu dada wa Ruziba amalize somo."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba yeye anakaa Buyenzi, anarudi nyumbani kwa miguu, kwa hiyo asijifanye msemaji wa watu. Hata sasa nikikumbuka maneno hayo masikio yanapata moto. Mwenyewe wa Ruziba alikuwa ameinamia karatasi yake na hakusema neno, nami nikachukua kimya chake kama kukubali.

Wenzangu walipoondoka nilikaa kuingiza majibu. Karatasi kumi na sita zilikuwa na tano tupu, kuanzia juu mpaka chini. Ya kumi na saba ilikuwa na tano tisa, na mbele ya swali la ratiba ilikuwa na moja. Alama ndogo, safi, kama ya mwalimu anayesahihisha. Nikasonya. Nilijua ni ya yule fundi wa magari, na nilijua amefanya makusudi ili kunionyesha kwamba yeye hatishiki. Nikaandika tano. Kidole kilihama kutoka kibonye kimoja mpaka kingine kwenye mstari huo huo, ikawa imekwisha.

Mwezi wa kwanza likaja tangazo la mtihani wa mwisho. Saa tisa hadi saa kumi na moja, kila mtu peke yake, msimamizi akiangalia, na anayetoka haruhusiwi kurudi. Hapo hapakuwa na namba ya kumwandikia mtu. Tukakubaliana kwamba niandike barua kwa niaba ya darasa, tuombe mwenzetu mmoja afanye saa sita mchana, au siku nyingine, au karatasi tofauti, vyovyote watakavyo. Niliiandika kwa Kifaransa changu chote. Nilieleza barabara, wanajeshi, saa kumi, mama asiyeweza kutembea.

Jibu lilikuja baada ya wiki, lenye adabu kama yetu. Walisikitishwa na hali ya nchi. Lakini, walisema, walikuwa wametazama maoni ya mwisho ya kituo chetu, na washiriki wote kumi na saba wa Bujumbura walisema ratiba inawafaa sana. Kwa hiyo hawakuona msingi wa kubadilisha utaratibu ambao wanafunzi wenyewe waliusifu.

Niliisoma kwa sauti, kwa sababu ilikuwa ya darasa.

"Wote kumi na saba?" aliuliza mwalimu wa Ruziba.

"Wote."

Alinitazama kidogo, kisha akaangalia mikono yake. Fundi aliinamisha kichwa. Niliona kwamba amejua nilichofanya na anazuia hasira, nikaanza kumkwepa tangu siku hiyo.

"Bon," yule mama wa Ruziba akasema. "Haina neno."

Ningeweza kuandika barua nyingine. Nilianza kuiandika mara tatu, nikaifuta mara tatu. Ningesema kwamba majibu yale hayakuwa ya kweli, na wao wangeuliza ni mangapi mengine yasiyo ya kweli: mahudhurio, namba ninazomwandikia, vyeti vya watu kumi na saba. Kila upande niliogeukia nilikuta watu wa kuumia. Nilikuwa mtu wa kupiga meza kwa mambo ya ovyo ovyo, na hapo sikuweza hata kubonyeza kibonye kimoja.

Nilijaribu njia nyingine. "Siku ya mtihani lala kwetu," nilimwambia. "Mke wangu atafurahi. Lete hata watoto na mama."

"Kulala Ngagara?"

Miaka ile karibu kila mtaa ulikuwa umebaki na watu wa upande mmoja wa vita. Watu wa kwake hawakulala kwetu, na wa kwetu hawakulala kwao, na mchana tuliketi kompyuta moja tukigawana kalamu. Nilikuwa nimemkaribisha kwa moyo mweupe, nikasahau kwamba kuna majirani zangu ambao nisingeweza kuwasemea.

Siku ya mtihani alikuja mapema, amevaa vazi lake la kanisani. Saa tisa maswali yakafunguka. Kompyuta zikiwa kumi tu, tuligawanywa makundi mawili, kila kundi saa moja, na yeye aliwekwa katika kundi la kwanza, hilo msimamizi aliweza kumfanyia. Nilikuwa mbele yake kwa pembeni. Nilimsikia akibonyeza bila kupumzika. Hakuwa anafikiri, alikuwa anakimbia. Saa tisa na nusu alikuwa bado. Saa kumi kasoro dakika ishirini niliona amesimama, bado anaandika, mkoba umeshaingia begani. Akaandika hivyo kwa dakika tano nzima, ameinama kama mtu anayefua. Kisha akatoa mikono yake, akamwambia msimamizi asante, akatoka. Skrini yake iliendelea kuwaka na maswali yaliyobaki. Muda wake ulikuwa unahesabiwa pale juu pembeni, na sisi sote tuliuona ukipungua mbele ya kiti kitupu, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Alikosa alama chache. Nasema chache kwa sababu orodha ilisema hivyo, sijui kama uchache huo ulimfariji mtu. Mimi nilifaulu vizuri. Kanuni za chuo zilisema aliyeanguka hawezi kurudia kozi hiyo hiyo. Mwaka uliofuata walisogeza masomo kuwa asubuhi yetu, yakirekodiwa, kwa sababu vituo vya nchi nyingine vilikuwa vimelalamika juu ya ratiba, wakasikilizwa. Dishi halikung'olewa popote nilipowahi kusikia.

Wizara ikaniteua mkurugenzi wa shule ya mjini, upande wa Buyenzi, mahali ambapo watu wa kila namna walikuwa bado wanakaa pamoja. Shule yenye ukuta. Nyuma ya madarasa palikuwa na nyumba ya mkurugenzi, vyumba vitatu na baraza, na mimi nilikuwa na nyumba yangu Ngagara. Nikaweka humo maboksi ya chaki na madawati yaliyovunjika miguu.

Jumamosi moja akaja kunipongeza. Alileta ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakavu wamefungwa kwenye gazeti, kwa sababu kwetu haiwezekani kwenda kwa mtu aliyepanda cheo mikono mitupu, hata kama cheo hicho ulikitaka wewe. Nilimtembeza madarasani nikisema maneno mengi yasiyo na maana. Yeye ndiye aliyeuliza, "Na nyumba?"

Nikaifungua. Alipita kati ya madawati mpaka chumba cha nyuma, akasukuma dirisha, likafunguka kwa shida. Ukuta ulikuwa hatua chache tu, mrefu, na vipande vya chupa juu yake.

"Hapa ingekuwa ya mama," alisema. "Haina hata ngazi."

"Hamia," nikamwambia. "Mi siihitaji. Nitasema nakaa humu mwenyewe."

"Na asubuhi nani atafundisha Ruziba? Barabara wanafungua saa mbili, na mi naingia darasani saa moja na nusu. Nikikosa siku tatu wanaweka mutu mwingine." Alisema bila uchungu wowote. Alikuwa ameshalipigia hesabu jambo hilo kabla yangu, inawezekana usiku mwingi.

Hapo nikashindwa kulimeza tena. Nikamwambia yote. Kwamba kwenye karatasi ya pili fundi alikuwa ameweka moja kwenye swali la ratiba, kwamba niliibadilisha nikaandika tano, kwamba ningeiacha moja ile labda wangekuwa na msingi wa kutusikiliza. Nilisema naomba msamaha, kwake na kwa fundi, ambaye nilikuwa sijamsalimia vizuri tangu siku ile.

Mkono wake ulikuwa bado kwenye dirisha.

"Fundi aliweka tano," alisema. "Aliniambia siku ile ile, na haya usoni. Akasema, dada, kinywa kimepiga kelele, lakini mukono umeandika tano."

"Basi ile moja ilikuwa ya nani?" nikauliza.

"Ile moja ilikuwa ya kwangu, Mwalimu. Mi siwezi kusema mbele ya watu. Nikaona karatasi haina jina, nikajiambia acha niandike."

Nilitafuta mahali pa kukaa, na madawati yote yalikuwa mabovu. Yeye alivuta dirisha, akalifunga, akajaribu kitasa mara mbili kuona kama kimeshika. Ilikuwa saa tisa na robo. Alinipa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama tunavyowaaga wakubwa wetu, kisha akaondoka kuiwahi barabara.